Hewa Isiyopimwa

Mwaka 1995 timu ya Toyota ilifungiwa kushiriki mashindano ya dunia ya rali kwa miezi 12, na chanzo cha yote kilikuwa upenyo wa milimita tano. Kanuni za FIA, shirikisho linalosimamia mashindano hayo, ziliagiza kila gari lenye tabo livute hewa kupitia kizuizi chenye tundu la milimita 34 tu, ili nguvu za injini zisivuke mpaka. Wahandisi wa Toyota wakakiunda kizuizi cha Celica yao kwa namna ambayo mpira wa hewa ukishafungwa na klempu yake kukazwa, kifaa kilisogea na kufungua njia ya pembeni, hewa ikaingia bila kupita kwenye tundu lile. Mkaguzi akilegeza klempu ili achungulie, springi zilirudisha kila kitu mahali pake na njia ikajifunga. Walikamatwa kwenye rali ya Catalunya, Hispania. FIA iliwaadhibu bila huruma, lakini Max Mosley, rais wake wakati huo, hakuficha kwamba ufundi wenyewe ulimshangaza.

Mkasa huo hunijia kila nipitapo gereji za Tandika, Chang'ombe au Mwananyamala na kukuta Subaru Impreza WRX imefunguliwa boneti, boksi la eya klina limewekwa chini mchangani, na kijana mwenye gari amesimama kando akisubiri kusikia muungurumo mpya. Hapa mjini wengi bado wanaamini kwamba nguvu za gari zinatoka kwenye petroli. Kuongeza petroli si tatizo; pampu kubwa zipo, nozeli zipo, ni fedha yako tu. Shida ni kupata hewa ya kuiunguzia. Kila kilo ya petroli inadai karibu kilo 14.7 za hewa, kwa hiyo lita moja uliyoinunua sheli inakula zaidi ya lita 9,000 za hewa ambazo hukuzilipia. Injini ya lita mbili ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, hata kabla tabo haijaingiza mkono, inaweza kuvuta lita 100 za hewa kila sekunde, yaani ndoo kubwa tano za maji zimiminwe kufumba na kufumbua. Tabo ikisukuma kwa ba moja, hesabu hiyo inakaribia mara mbili. Na yote hayo yapite kwenye boksi moja la plastiki, chujio la karatasi na mpira uliopinda huku na huku.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuling'oa boksi la kiwandani na kufunga inteki yenye chujio la koni hajakosea kufikiri. Wanaomcheka ndio hawajafanya hesabu. Kosa huanza pale anapodhani kwamba waliolibuni lile boksi hawakujua walichokuwa wanafanya. Boksi la WRX halivuti hewa ya ndani ya boneti. Lina mdomo unaoelekea kwenye fenda, mbali na joto la injini, na lina vyumba vya kumeza kelele. Hapo niseme jambo moja ambalo limewahi kuzua ubishi mrefu vijiweni: lile tundu la juu ya boneti la WRX na Forester ya tabo halipeleki hewa kwenye silinda. Linapuliza intakula, yaani kipoza hewa ya tabo, iliyolala juu ya injini, basi. Nimewaona watu wazima wakiliziba tundu hilo kwa karatasi ya nailoni msimu wa mvua, eti injini isinywe maji.

Ukiliondoa boksi na kuacha koni uchi, inakuwa jirani wa rejeta na tabo. Barabarani gari likikimbia, upepo unasaidia. Lakini ni nani anayekimbia Dar es Salaam? Saa kumi na moja jioni kwenye foleni ya Buguruni, au ukitambaa kutoka Mtoni kwenda Mbagala Rangi Tatu, nje kuna nyuzijoto 32 na ndani ya boneti hewa inafika 60 bila taabu. Hewa ya moto imetanuka; kutoka 32 hadi 60 inapoteza karibu asilimia nane ya uzito wake. Kijana amelipa ili injini yake ivute hewa pungufu. Yeye hajui, kwa sababu sauti imeongezeka, na mwenye gari akisikia sauti huona mwendo.

Dawa ya joto hilo ni ngao ya bati inayoitenga koni na injini, na hapa mji wetu una neema ambayo sidhani wenye magari wanaithamini vya kutosha. Mafundi bati waliozoea kutengeneza masanduku ya shule, makarai na mabomba ya kukinga maji ya mvua wanaweza kukukunjia ngao ya alumini inayokaa ndani ya boneti kana kwamba ilizaliwa nayo. Fundi wa gari anachora umbo kwenye boksi la maziwa lililopasuliwa, analijaribisha, anakata hapa, anaongeza pale, kisha karatasi ile inapelekwa kwa fundi bati. Anayeifahamu kazi hiyo hukunja ukingo wa juu na kuuvika mpira wa mlango wa gari bovu, ili boneti ikifungwa, chumba kifungwe pamoja nayo. Ngao za dukani zinazokuja na vifurushi vya inteki mara nyingi hazifikii ubora huo, maana zilikatwa kwa ajili ya gari lolote litakalojitokeza.

Kuhusu vifaa sina mengi. Vinapatikana Kariakoo upande wa Gerezani, na vya kutoka kwenye magari yaliyokatwa vipo Shauri Moyo, Ilala. Vya feki vipo, vya asili vipo, na vipo vya asili vilivyochoka kuliko vya feki. Mpira wa silikoni ubinye kwa vidole. Ukiona tabaka za ndani zinaachana, rudisha.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya kawaida kwa mwenye mikono, lakini mikono haifanani. Angalia fundi mzuri anavyoanza. Betri kwanza. Kisha soketi ya sensa ya hewa anaichomoa kwa kubonyeza kilimi chake, havuti waya. Sensa anaitoa kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye skrubu, anaifunga kwenye kitambaa safi na kuiweka ndani ya gari juu ya kiti, si kwenye beseni la spana. Mpira unaoingia kwenye tabo ukishatoka, mara moja anaziba mdomo wa tabo kwa kitambaa kikubwa chenye rangi kali, ili asikisahau. Pangaboi la tabo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nati ndogo ikidondokea humo, gari likiwashwa hakuna tena tabo, kuna vipande. Nimewahi kuona fundi aliyekaribishwa chai akakataa kuondoka mpaka azibe mdomo ule. Nikamwamini kuanzia dakika hiyo.

Kabla hajarudisha chochote, anahesabu vimpira vidogo. Bomba la kiwandani halipitishi hewa kubwa tu. Kuna mpira unaorudisha mvuke wa oili kutoka kwenye injini, kuna unaotoka kwenye valvu ya kurudisha upepo wa tabo, kuna vingine vyembamba kama kalamu ambavyo huvioni mpaka uinamishe kichwa upande wa chini. Bomba jipya la kung'aa lililotoka kiwandani China linaweza kuwa na matundu mawili pale ambapo gari linadai manne. Fundi wa haraka huchukua bolti, akaizungushia gundi ya karatasi, akaziba mpira uliokosa pa kukaa. Gari litawaka, na mteja ataondoka akicheka.

Baada ya siku chache anarudi, au anakwenda kwa mwingine. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu sifa za ufundi huu, kwa maoni yangu, hazimo katika kufunga hata kidogo. Zimo katika kuitafuta hewa iliyopotea.

Sikiliza mazungumzo kama haya chini ya mkungu mmoja wa Temeke.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Tangu tuifunge inteki inapanda na kushuka sailensi. Taa ya injini imewaka. Jamaa mmoja ameniambia ni plagi, nikanunua plagi. Mwingine ameniambia ni pampu."

"Pampu umenunua?"

"Bado, mzee."

"Afadhali. Sasa niambie, inakusumbua ukiwa umesimama au ukikanyaga?"

"Nikisimama. Nikikanyaga inaondoka vizuri tu."

"Moshi?"

"Hamna."

Fundi hajagusa spana, na tayari amepunguza gari zima hadi kwenye kipande cha bomba cha urefu wa mkono. Hakuna ramli hapo. Sensa ya hewa ya Subaru ni uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita inaupoza, na kiasi cha umeme kinachohitajika kuurudishia joto lake ndicho kinachoiambia kontroli boksi ni gramu ngapi za hewa zimeingia. Kontroli boksi inapima petroli kwa kadiri ya taarifa hiyo. Haina macho mengine ya kuiona hewa ikiingia. Hewa yoyote itakayoingia baada ya sensa bila kupita kwenye uzi ule, injini itaivuta, lakini hakuna petroli iliyotengwa kwa ajili yake.

Basi mahali hewa inapopenya panajulikana kwa wakati gari linaposumbua. Upenyo ukiwa kati ya chujio na sensa, hesabu haiharibiki. Kitakachoingia ni vumbi, na hilo utalijua miaka ijayo ringi zikianza kunywa oili. Upenyo ukiwa kati ya sensa na tabo, gari linavuta hewa isiyopimwa, na linaumwa zaidi sailensi, wakati hewa inayohitajika ni kidogo na ya wizi inaonekana nyingi. Upenyo ukiwa mbele ya tabo, kati ya intakula na throto, mambo yanageuka: ukikanyaga, hewa iliyokwisha kupimwa inasukumwa nje, petroli yake inabaki, gari linatoa moshi mweusi na kuwa zito kama limebeba saruji, kumbe sailensi lilikuwa limetulia. Kijana amesema sailensi, na moshi hamna. Fundi anakwenda moja kwa moja kwenye mpira wa kabla ya tabo.

Anachukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mita moja hivi, ncha moja sikioni, ncha nyingine anaitembeza taratibu kuzunguka kila klempu na kila kiungo huku gari likiunguruma. Kelele za gereji zote zinabaki nje ya mpira ule. Ndani yake unasikia kitu kimoja tu, mluzi, ukiufikia. Aliponipa nisikilize nilishangaa jinsi unavyokuwa karibu. Akauthibitisha kwa povu la sabuni ya unga, alilolipaka kwa brashi: povu likamezwa upande wa chini wa bomba, pale pale ambapo bolti yenye gundi ya karatasi ilikuwa imekaa kwa unyenyekevu. Joto lilikwisha kuiyeyusha gundi.

Wapo wanaosaka upenyo kwa kupuliza petroli au dawa ya kabureta na kungoja injini ibadili sauti. Inafanya kazi, lakini juu ya tabo iliyotoka kukimbia ni njia ya kuunguza gari na nyusi.

Kuna hitilafu nyingine ambayo haina mluzi, na ndiyo inayowatofautisha mafundi kabisa. Kila kiungo kimekazwa, vimpira vyote vimo, na bado mashine ya kupimia inatoa msimbo P0171, yaani petroli ni kidogo kuliko hewa. Hapo chukua rula. Tuseme bomba la kiwandani pale sensa inapokaa lina kipenyo cha milimita 65, na la inteki mpya ni 76, kwa kuwa nene linapendeza machoni. Eneo la ndani limeongezeka zaidi ya theluthi moja. Hewa ile ile sasa inapita polepole, uzi unapoa kidogo, na sensa kwa uaminifu kamili inaripoti hewa pungufu kwa zaidi ya robo. Kontroli boksi inajaribu kufidia, inazidiwa, inawasha taa. Mbaya zaidi ni ukikanyaga mpaka mwisho: tabo inasukuma, petroli haitoshi, joto linapanda ndani ya silinda, na mchanganyiko unajilipukia kabla ya zamu yake. Injini inagonga. Injini za Subaru zinajulikana kwa kupasua kingo za pistoni kwa mtindo huo, na mwenye gari atalaumu oili.

Hitilafu hiyo haitibiwi kwa gundi. Ama sensa irudi kwenye bomba la kipenyo chake cha asili, ama kontroli boksi ifundishwe upya na mtu anayejua kusoma uwiano wa hewa na petroli gari likiwa kazini. Nje ya hapo ni kubahatisha. Mambo madogo nayo yana uzito: mshale uliochorwa kwenye sensa uelekee injini, sensa isikae mara tu baada ya kona, maana hewa hapo inazunguka badala ya kwenda, na koni za pamba zinazopakwa mafuta zisikaangwe kama kitumbua, kwa sababu mafuta yanayozidi yanasafiri na kuuvika uzi koti. Uzi huo husafishwa kwa dawa yake maalumu, bila brashi wala pamba ya masikioni.

Toyota Chaser yenye injini ya 1JZ-GTE, kwa upande wake, haina uzi huo kabisa. Yenyewe inapima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi na kupiga hesabu. Ndiyo maana kijana wa Chaser anaweza kufunga valvu ya kutoa upepo nje, ile ya "pshhh" inayogeuza vichwa Kinondoni, na gari lisione tofauti. Lakini rafiki yake wa Subaru akiiga, upepo uliokwisha kupimwa unamwagwa nje, petroli inabaki, na gari linazima kwenye taa kila anapoachia mguu. Mafundi wamewaokolea vijana pesa nyingi kwa kuwaambia ukweli huo kabla ya kununua. Wengine hawasemi. Kila mtu na riziki yake.

Kazi ikishakamilika, fundi mwenye heshima atadai kuliendesha gari mwenyewe, usiku, trafiki na tochi zao wakiwa wamepungua, huku msaidizi akisoma namba kwenye simu iliyounganishwa na gari. Hana haja ya kasi; anataka mzigo, gia ya tatu, mguu unaozama pole.

Linabaki suala la maji na vumbi, na katika hili sina ulegevu. Vifurushi vingi vinavyosifiwa ughaibuni huitelemsha koni chini kabisa, nyuma ya bampa, ikatafute hewa baridi. Ni busara kwa mji mkavu wenye mitaro. Hapa, masika ya Machi hadi Mei yakishika, Mto Msimbazi unapanda Jangwani na barabara ya Morogoro inafungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Pistoni inaweza kugandamiza hewa, maji haiwezi. Glasi chache zikiingia, konrodi inapinda na injini inashushwa. Wale waliokuja kushindana Afrika Mashariki walilijua hilo mapema: Celica aliyoshindia Mkenya Ian Duncan kwenye Safari Rally ya 1994 ilikuwa ya aina iliyofungwa bomba la hewa lililopandishwa hadi juu pembeni ya kioo cha mbele, ili ivuke mito. Timu yenye wahandisi wa Ulaya na Japani ilipandisha pua juu, na wewe wa Mkwajuni unaishusha chini.

Vumbi halina haraka kama maji, ila halisamehe. Anayekaa Chamazi au Mabwepande, akapita njia ya udongo kila siku, koni ya bei rahisi yenye matundu unayoweza kuona mwanga kupitia kwake itamlia ringi na pangaboi la tabo kimya kimya. Kwa mtu huyo ushauri wa fundi bora niliyemsikia ulikuwa huu: rudisha boksi la kiwandani, nunua chujio jipya la karatasi, badilisha mipira iliyopasuka, na pesa iliyobaki nunua tairi. Alikosa kazi ya siku nzima kwa kusema hivyo. Mteja alinuna, akaondoka.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kununua WRX au Forester ya tabo iliyokwisha fungwa inteki, usianze na rimu wala sauti. Muulize muuzaji boksi la asili liko wapi. Gari likianza kusumbua, kipimo cha kwanza na cha bei nafuu kuliko vyote ni kulirudisha boksi hilo na sensa yake: tatizo likiisha, inteki ndiyo mkosaji, likibaki, inteki haina hatia na unatafuta kwingine. Kama analo stoo, lichukue siku hiyo hiyo pamoja na klempu zake. Kama alishaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mpunguzie bei.